MWAVULI WA ANGANI NA MAFUNDI WA TEMEKE

Kuna mambo ambayo mwananchi akiyasikia hudhani ni ya mataifa makubwa peke yao, na kwa hiyo huyaacha yapite kama wingu lisilo na mvua. Miongoni mwa mambo hayo ni ufundi wa kujenga vyombo vyepesi vya angani ambavyo hukunjwa hapa duniani, hupakiwa ndani ya roketi, na vikishafika juu hujikunjua vyenyewe bila ya kuguswa na mkono wa binadamu. Sisi tunaona kuwa jambo hili halipaswi kuachwa lipite. Mwaka 2023 Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alitangaza nia ya nchi yetu ya kurusha setilaiti yake. Nia ya Taifa ikishatamkwa, ni wajibu wa kila anayeitakia nchi mema kuuliza: je, chombo hicho tutakinunua kama mtu anunuavyo redio dukani, ama tutajifunza kukitengeneza? Na kama tutajifunza, tuanzie wapi?

Jawabu letu ni kwamba tuanzie katika ufundi wa kukunja na kukunjua. Tunasema hivyo kwa sababu sehemu hiyo ya elimu ya anga ndiyo iliyo karibu zaidi na mikono ya mafundi wetu wa Temeke na Kinondoni, na ya mabaharia wetu wa Unguja na Pemba. Ndiyo yenye gharama ndogo ya kuanzia. Na ndiyo ambayo matunda yake yanaweza kuonekana hapa chini hata kabla ya chombo chochote kuruka.

Tufafanue kwanza kwa nini vyombo hivyo hukunjwa. Roketi, pamoja na ukubwa wake wote, ina tumbo dogo. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina kioo chenye upana wa mita 6.5, na ngao ya kuzuia joto la jua yenye urefu wa mita 21 na upana wa mita 14 hivi. Lakini roketi iliyoibeba, Ariane 5, ilikuwa na upana wa mita 5.4 tu. Kitu hicho kisingeweza kuingia humo kikiwa wazi, kama vile mwavuli uliofunguliwa usivyoweza kuingia mkobani. Ilibidi kioo kigawanywe vipande 18, ngao ipigwe mikunjo, na vyote vifungwe kwa vifungo ambavyo vitaachia kwa zamu. Kazi ya kufungua ilichukua kiasi cha wiki mbili, na mabawa ya kioo yalimalizika kufunguka tarehe 8 Januari 2022.

Sababu ya pili ni uzito. Kila kilo inayopandishwa angani hulipiwa fedha nyingi, na kwa hiyo fundi wa vyombo hivi hana ruhusa ya kutumia chuma kinene kama atengenezaye mlango wa ghala. Lakini rehema ipo: chombo kikishakuwa katika mzunguko wake hakuna upepo wa kukisukuma, wala sehemu zake hazilemeani kwa uzito wake wenyewe. Utando mwembamba kuliko unywele unaweza kusimama pale ambapo hapa duniani ungelala chini kama kitambaa kilichoanguka kutoka kwenye kamba. Taabu iko katika safari na katika hali ya huko. Wakati wa kupaa chombo hutikiswa kwa nguvu kubwa sana. Kikifika juu hukutana na utupu ambao hukausha mafuta ya kulainishia bawaba, na hupita kutoka katika jua kali hadi katika kivuli chenye baridi kali, tena na tena. Chombo kinachozunguka karibu na dunia hupitia hali hizo mbili kila baada ya dakika 90 hivi.

Sasa tutazame jinsi kinavyojifungua. Njia iliyozoeleka ni ya bawaba na springi: nguvu huwekwa ndani ya springi wakati wa kukunja, nayo hutoka wakati kifungo kinapoachia. Njia ya pili ni ya futi ya fundi, ile ya chuma inayojikunja ndani ya kasha lake. Kila seremala ameona kuwa utepe wa futi hiyo una mbonyeo kidogo katikati, kama mfereji. Mbonyeo huo ndio unaoufanya usimame wima mita nzima bila ya kupinda, na ukipindwa kwa nguvu ukaachiwa, hurudi kunyooka wenyewe. Setilaiti nyingi ndogo za vyuo vikuu duniani hutumia utepe wa namna hiyo hiyo kuwa antena. Hukunjwa kuzunguka kijisanduku, hufungwa kwa uzi wa nailoni usiotofautiana sana na mshipi wa mvuvi, na uzi huo hupitishwa juu ya waya mwembamba. Setilaiti ikishaachiwa, hungoja nusu saa kwa mujibu wa kanuni, ndipo umeme wa betri unapopita katika waya, waya ukapata moto, uzi ukakatika, na antena ikanyooka.

Njia ya tatu ni ya kujaza hewa. Tarehe 12 Agosti 1960 Marekani ilirusha puto lililoitwa Echo 1, lenye upana wa mita 30, lililotengenezwa kwa utando wa plastiki uliopakwa aluminiamu, na unene wake haukufika hata robo ya unene wa unywele. Puto hilo lilikunjwa likaingia katika kopo la duara lenye upana wa sentimita 66, na lilipofika juu likajaa likawa kama nyota inayotembea. Njia ya nne ni ya kuzungusha: mwaka 2010 Wajapani walirusha chombo cha IKAROS kilichokuwa na tanga la mraba la mita 14 kila upande, nalo lilifunguka kwa sababu chombo kilikuwa kikijizungusha, kama sketi ya mchezaji ngoma inavyotanuka anapogeuka. Mtaalamu mwingine wa Japani, Koryo Miura, alibuni mkunjo wa karatasi ambao ukivutwa pembe mbili tu hufunguka wote kwa mara moja, na mwaka 1995 mkunjo wake ulitumika katika bawa la kupokea nguvu za jua la setilaiti ya nchi yake.

Msomaji wa visiwani atakuwa amekwisha ona kwamba mengi ya hayo si mageni kwake. Mabaharia wetu wa majahazi walikuwa wakilikunja tanga na kulifunga kwenye foromali kwa vifungo hafifu, kisha wakalitweka likiwa limefungwa vivyo hivyo. Likishafika juu, mtu mmoja aliye chini akivuta kamba ya demani, vifungo hukatika kimoja baada ya kingine, na tanga hutanda kwa pumzi moja. Kifungo kilitakiwa kiwe na nguvu ya kuhimili kutwekwa, lakini kiwe dhaifu cha kutosha kukatika wakati wake ukifika. Hilo ndilo fumbo lile lile wanalolifumbua wahandisi wa angani leo. Waliolifumbua zamani katika bahari yetu hawakuwa na shahada. Walikuwa na macho, subira na mazoezi.

Pwani yetu haikuwa mbali na historia ya anga hata hapo awali. Mwaka 1960 Waingereza, waliokuwa wakitawala, waliiruhusu Marekani kuweka kituo cha kufuatilia vyombo vya angani huko Tunguu, Unguja, kwa ajili ya mpango wake wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa katika mlolongo wa vituo vilivyoongea naye. Wananchi wengi hawakuelezwa vya kutosha kituo kile ni cha nini, na hofu ikaenea kwamba ni cha silaha. Baada ya Mapinduzi, Serikali iliagiza kiondolewe, na mwezi Aprili 1964 amri hiyo ilitolewa. Hatuna haja ya kufufua mabishano ya wakati ule. Tunachotaka kukionyesha ni hiki: mitambo ilipoondoka haikuacha nyuma elimu yoyote mikononi mwa Wazanzibari, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa mitambo ya wengine juu ya ardhi yetu.

Jirani zetu wa Kenya walipitia njia nyingine. Karibu na Malindi, katika bahari ya Ngomeni, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi kadhaa ziliruka kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka katika nyota. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 140. Ubavuni ilikuwa na mabawa manne ya kupokea nguvu za jua, ambayo yalikuwa yamekunjwa wakati wa kupaa na yakajifungua angani. Bila ya mabawa hayo kufunguka, chombo kingezimika, na ramani ya kwanza ya nyota za eksirei isingepatikana. Aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hiyo jina la lugha yetu limo katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni kote, na limo humo kwa sababu bawaba nne zilitii.

Si kila bawaba hutii, na hapa ndipo penye funzo kubwa. Mwezi Mei 1973 kituo cha Marekani cha Skylab kilipoteza bawa moja la jua wakati wa kupaa, na bawa la pili likanaswa na ukanda wa chuma lisifunguke. Kituo kikawa na joto kama tanuri. Wanaanga waliotumwa walitoa nje kivuli kilichofunguka mfano wa mwavuli, na tarehe 7 Juni wawili kati yao wakatoka na mkasi mrefu wakaukata ule ukanda. Walifanikiwa kwa sababu binadamu waliweza kufika. Chombo cha Galileo, kilichokuwa kikielekea sayari ya Mshitarii, hakikuwa na bahati hiyo. Tarehe 11 Aprili 1991 antena yake kubwa ya mita 4.8, iliyofanana kabisa na mwavuli wenye mbavu 18, iliamriwa ifunguke. Baadhi ya mbavu ziling'ang'ania katikati, na antena haikufunguka mpaka mwisho wa safari. Wataalamu wakalazimika kutumia antena ndogo, na habari zikawa zinakuja matone kwa matone. Uchunguzi ulielekeza lawama kwenye mafuta makavu ya kulainishia, ambayo yalikuwa yamechakaa wakati chombo kilipokuwa kikisafirishwa kwa lori kati ya California na Florida zaidi ya mara moja. Chombo cha kwenda Mshitarii kiliharibikia barabarani, ndani ya lori.

Mfano wa tatu unatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Tarehe 7 Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na vijana wa Uganda waliokuwa wakisoma Japani, ilipanda angani ndani ya chombo cha mizigo cha Cygnus pamoja na setilaiti ya Zimbabwe. Chombo hicho kina mabawa mawili ya mviringo ambayo hufunguka kama kipepeo cha kukunja. Bawa moja lilikataa kufunguka. Ilibainika baadaye kwamba kipande cha kitambaa cha kupunguza kelele ndani ya roketi kilikuwa kimejipenyeza katika mtambo wake. Kwa siku mbili matumaini ya nchi mbili za Kiafrika yalikuwa yakisafiri kwa bawa moja. Kwa bahati njema nguvu ya bawa lililobaki ilitosha, chombo kikafika katika kituo cha kimataifa tarehe 9 Novemba, na setilaiti ya Uganda ikaachiwa tarehe 2 Desemba.

Tunataja habari hizi kwa sababu ndani yake mna kanuni ya kazi ambayo viongozi wetu wanapaswa kuishika. Katika ufundi huu maji yakimwagika hayazoleki. Kitu kinachofunguka mara moja tu, mahali ambapo hapana fundi, hakisameheki kosa la uzembe. Darubini ya James Webb ilikuwa na mahali 344 ambapo kasoro moja peke yake ingeweza kuiharibu kazi yote, na ndiyo sababu ilifunguliwa na kufungwa tena na tena duniani kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Hata majaribio hayo ni mtihani, kwa kuwa uzito wa dunia huvuta kila utando, na wahandisi hulazimika kuning'iniza sehemu kwa kamba na mizani ili ziweze kujidhani ziko angani. Nchi ambayo haina utamaduni wa kujaribu, kuandika matokeo, na kujaribu tena, isijidanganye kuwa itaingia katika kazi hii kwa kukata utepe wa sherehe.

Sasa tuje nyumbani. Kuna watakaosema, na tumekwisha wasikia, kwamba watu wa Tandale na Mbagala hawana mitaro ya maji ya mvua, basi setilaiti ya nini? Hoja hiyo ina uzito na hatutaipuuza. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na sehemu kubwa yao wanaishi katika vitongoji vilivyokua upesi kuliko barabara na mifereji. Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, Kinondoni, ambako zilianza maisha mapya ndani ya mahema. Mtaro ukikosekana, setilaiti haiwezi kuuchimba. Hilo tunalikubali bila ya kigugumizi.

Lakini mtaro huchimbwa wapi? Huchimbwa pale ramani inapoonyesha kuwa maji yatapita. Mwaka 2015 ulipoanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wakazi, walizunguka mitaa wakichora nyumba, mifereji na njia ambazo hazikuwamo katika ramani yoyote. Mwaka 2016 Zanzibar nayo ilianza kupiga picha visiwa vyote kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikashiriki. Kazi hizo ni za kujivunia, lakini ndege ndogo haiwezi kuruka kila wiki. Anayeona kupitia mawingu ni rada ya angani, na rada hiyo yahitaji antena kubwa. Tarehe 29 Aprili 2025 nchi za Ulaya zilirusha chombo cha kupima misitu kiitwacho Biomass. Mwezi Julai mwaka huo huo Marekani na India zikarusha NISAR, ambacho kinaweza kupima ardhi inayodidimia na maji yanayoenea. Kila kimoja kina dishi la wavu lenye upana wa mita 12, lililopanda likiwa limekunjwa na kufunguka huko juu. Dishi la NISAR limeshikwa na mkono wa mita 9, ambao nao ulijikunjua wenyewe. Kwa hiyo ufundi wa kukunja ndio uliolifanya jicho la kuona mafuriko ya Msimbazi kutoka angani liwezekane.

Kwa upande wa visiwani, hatuhitaji kukumbushwa thamani ya kujua hali ya bahari mapema. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kuja Unguja, ikapinduka karibu na Chumbe katika upepo mkali, na misiba ikaingia katika nyumba nyingi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu na kupiga upande wa Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha toa tahadhari, safari za boti zikasimamishwa, na wavuvi wakaambiwa wasitoke. Tahadhari ile ilitegemea picha za setilaiti ambazo si zetu. Wenyewe wanatupa kwa wema, nasi tunashukuru. Hata hivyo mtu anayekaa kwa mwangaza wa taa ya jirani hana budi kuuliza ni siku gani jirani atazima taa yake akalale.

Hatusemi kwamba Tanzania itengeneze kesho dishi la mita 12. Mwenda pole hajikwai. Tunasema kuwa ngazi ya chini ipo na majirani zetu wameshaikanyaga. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza kijisetilaiti cha sentimita 10 kila upande, kikaachiwa kutoka kituo cha kimataifa tarehe 11 Mei 2018, kwa msaada wa mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani uitwao KiboCUBE, ambao huzipa nchi zinazoendelea nafasi ya kurushiwa bila ya malipo. Rwanda ilifuata mwaka 2019, na Ethiopia Desemba mwaka huo huo. Kenya ikaongeza setilaiti ya Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Mwezi Aprili 2025 Shirika la Anga la Afrika likazinduliwa rasmi mjini Cairo. Msafara unakwenda, na mahali petu ndani yake hapatajazwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa Serikali zetu mbili.

Kwanza, mkataba wowote wa setilaiti ya Taifa usiishie katika kununua sanduku lililofungwa. Uwe na sharti kwamba wahandisi wa Tanzania, kutoka Bara na Visiwani, watashiriki kwa mikono yao katika kujenga na kujaribu angalau sehemu moja inayokunjuka, iwe antena ama bawa la jua. Mtu aliyeshika bawaba hujifunza zaidi ya aliyetazama picha yake ukutani.

Pili, kianzishwe chumba kimoja cha kazi, kisichohitaji jengo jipya, kitakachowakutanisha wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Taasisi ya Teknolojia na walimu wa chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, Temeke. Mafundi wa samani wa Keko waalikwe humo pia. Fundi anayetengeneza kiti cha kukunja kinachofunguliwa mara mia kwa mwezi bila ya kulegea anajua jambo kuhusu bawaba ambalo halimo katika vitabu vya wanafunzi. Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo makao yake yako Kijitonyama, Kinondoni, ndiyo yenye wadhifa wa kuliongoza jambo hili.

Tatu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipewe sehemu yake mahsusi. Mawasiliano ya simu na hali ya hewa ni mambo ya Muungano, na maafa ya Zanzibar yana kamisheni yake. Kwa hiyo hapana sababu ya Visiwani kusubiri kupelekewa habari baada ya kazi kwisha. Mabaharia na mafundi wa matanga wa Mkokotoni na Wete wasikilizwe, maarifa yao yaandikwe, kabla ya injini za boti hazijayazika.

Nne, na hili ndilo tunalolisisitiza zaidi, matunda ya kwanza ya kazi hiyo yatafutwe ardhini. Ufundi ule ule wa kukunja kitu chepesi kikajifungua chenyewe unaweza kutoa banda la dharura ambalo watu wawili wanalibeba, wakalisimamisha kwa dakika chache bila ya nyundo wala msumari. Kliniki ya kambi inayoingia ndani ya gari dogo. Daraja la muda la kuvukia wanafunzi mtaro ukifurika. Na paneli za jua za kutandaza katika kisiwa kidogo ambako umeme haujafika. Kama familia za mwaka 2011 zingekuwa na mabanda ya namna hiyo Mabwepande, zisingekaa katika turubai zinazopasuka kwa upepo. Chombo kisichoweza kumhifadhi mtu wa Jangwani mvua inaponyesha hakijapasi mtihani wetu, hata kama kingepasi mtihani wa angani.

Tano, iwekwe kanuni ya majaribio na iandikwe: hakuna kitu kitakachopokelewa mpaka kimefunguliwa na kufungwa idadi ya mara iliyokubaliwa, kikatikiswa, kikapashwa joto na kupozwa, na kila kasoro ikaandikwa na jina la aliyeirekebisha. Safari ya kutoka karakana hadi uwanja wa ndege nayo ihesabiwe kuwa ni sehemu ya jaribio, kwani tumeona jinsi barabara ilivyoiharibu antena ya Galileo kabla haijaondoka duniani.

Gharama ya hayo yote, ukiondoa mkataba wa setilaiti wenyewe, si kubwa kwa kulinganisha na faida. Utepe wa chuma, uzi wa nailoni, utando wa plastiki na betri vinapatikana Kariakoo. Kinachokosekana ni mpango, na mpango ni kazi ya viongozi. Wizara zinazohusika zisingoje mpaka mjenzi wa kigeni afike na kitabu chake cha masharti. Zikutane sasa, ziteue watu, ziwape meza na muda, na ziwaulize kila baada ya miezi sita wamefungua nini na kimekwama wapi.

Vijana wa Kampala walikaa siku mbili wakingoja habari ya bawa moja lililokataa kufunguka. Siku itakayofika zamu ya vijana wetu wa Temeke na wa Mjini Magharibi kungoja namna hiyo, tunataka wawe wanajua kwa hakika kila uzi uliofungwa humo, kwa kuwa waliufunga wenyewe.